Kikopo Kisichotikiswa

Nilimpiga mtu mzima kwa sinia la chuma, akajaribu kuinuka nikampiga tena, na mpaka leo sijamwomba radhi. Nalitanguliza hili kwa sababu kila ninapohadithia kisa hiki watu hungoja tufike kwenye sinia, na wakishafika hapo hutosheka, wakaniona mimi ndiye shujaa. Sikuwa shujaa hata chembe. Mtoto wa mtu yule alivunjwa mkono kwa karatasi niliyoiandika mimi.

Mimi ni mtu wa maabara. Nakaa Chukwani, kazi yangu iko Mji Mkongwe, katika nyumba kongwe ya mawe ambayo ngazi zake zimelika katikati kwa kukanyagwa. Wakati huo tulipewa kazi ya kupima vipimo. Mama yangu nilipomweleza aliniuliza kama kazi za maana zimekwisha duniani. Kulikuwa na kijiti kipya cha karatasi: unakichovya kwenye mkojo, kikigeuka kijani iliyoiva basi mna damu, hata kama jicho haliioni. Na huku kwetu, mtoto wa shamba akikojoa damu, wa kwanza kutuhumiwa ni kichocho, yule mdudu anayempata mtu kwenye maji ya mto na mashamba ya mpunga. Sisi tulitakiwa tujue kijiti kile kinasema kweli mara ngapi na kinadanganya mara ngapi. Na kipimo kina uongo wa namna mbili, wa kumwita mzima mgonjwa na wa kumwita mgonjwa mzima. Kwa hivyo kila mkojo tuliouchovya kijiti tuliupitisha pia kwenye chujio dogo, chujio tukaliweka juu ya kioo, na kioo tukakitazama kwa hadubini kutafuta mayai ya mdudu. Hadubini ndiyo iliyokuwa hakimu. Ikisema mayai hakuna, basi kijiti ndicho kilichodanganya.

Nami nilikuwa naringa kwa hadubini, sitaficha. Nimeitazama miaka kumi na tisa. Yai la kichocho nalijua kama ninavyojua mbegu ya tikiti, ila hili lina mwiba mkiani. Vijana waliokuja na simu zao na vijiti vyao niliwaambia waziwazi kwamba kijiti hakina macho, mimi ninayo.

Jambo jingine la kunijua ni kwamba nimekulia nyumba ya kipigo. Baba yangu alikuwa na mkanda, ukining'inia msumarini nyuma ya mlango, na sote sita tuliweza kuutambua mlio wake ukitolewa. Nilipofika miaka kumi na sita niliudaka ukiwa hewani, nikamwambia akiuvuta nitamuua. Hakuuvuta. Lakini hasira ile ya siku ile haikwenda popote, ninayo mpaka hivi leo, na ikinipanda naiona inakuja na siwezi kuipisha.

Mwezi ule tulikuwa kwenye skuli ya kijiji kimoja kaskazini, ndani kidogo ukitoka Mkokotoni. Gari ilituchukua mjini asubuhi, tukapanga meza barazani: vijiti upande huu, mabomba ya sindano upande ule, hadubini mwisho penye mwanga. Watoto walipewa vikopo, wakaenda chooni, wakarudi wakiona haya. Kanuni ya kwanza ya kazi ile, kabla ya kanuni zote, ni kukitikisa kikopo. Mayai ni mazito, yanatuama chini. Ukivuta mkojo wa juu bila ya kutikisa, umevuta maji matupu. Nimewafundisha kanuni hiyo watu wengi, na aliyeisahau nilimfokea mbele ya wenzake.

Sasa sikilizeni. Vifuniko vya vikopo tulivyoletewa safari ile vilikuwa havikamati. Ukitikisa, vinavuja. Na mkojo ni najisi. Tone moja likikurukia, nguo ile huswali nayo mpaka uifue. Mimi nilikuwa natoka Chukwani na udhu wangu na nguo moja, na maji ya pale skuli ni ya kuteka mbali. Basi kila ikikaribia adhuhuri, nilikuwa nikipata kikopo chenye kifuniko kibovu sikitikisi. Nilikishika mbali na kifua, nikaingiza bomba taratibu, nikavuta juu juu. Wanawake wengi wa kazi yetu tulikuwa na mkono huo na hakuna aliyeutaja kwa mwenziwe. Kila mmoja alijua yuko peke yake na Mola wake na nguo yake safi.

Yule mtoto alikuja wa mwisho. Msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, mrefu, mikono mirefu kuliko sare yake, kikopo kakificha ndani ya mtandio ili wavulana wasikione. Alikiweka mezani akaniambia, "Bi, changu chekundu. Usishtuke. Mie nshazoea."

Nilichovya kijiti, kikaiva hapo hapo. Nikamuuliza polepole kama yuko kwenye siku zake, kwa sababu damu ya hedhi hukidanganya kijiti.

"Bado sijaanza."

"Una hakika?"

"Bi, ningejua."

Nilimpenda kwa jawabu lile. Nilitazama jua, nikatazama kifuniko kilivyokaa upande, nikavuta mkojo wa juu. Chini ya hadubini nilipita kioo chote safu kwa safu na sikuona kitu. Damu ilikuwepo kidogo, yai hakuna hata moja. Niliandika kwenye daftari: kijiti ndiyo, hadubini hapana. Kikopo nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki nikakitia kwenye sanduku la barafu, kwa sababu vipimo viwili vikipingana kikopo huletwa mjini kikasomwe na mtu wa pili. Majibu ya namna hiyo hayatolewi mpaka mtu wa pili asome. Hiyo nayo ni kanuni, na hiyo nayo niliijua.

Baba yake alikuja ninafunga vitu. Mkulima wa mpunga, makamo yangu, kofia kichwani, miguu bado ina tope, sauti ya taratibu. Alinisalimu vizuri, akaniita Bi daktari. Akasema binti yake anakojoa damu tangu mwaka jana, na yeye hakutishika kwa sababu kichocho anakijua. "Mie udogoni nlikojoa damu mpaka nkawa nawachekesha wenzangu," alisema. Alitaka karatasi ya majibu tu, akachukue vidonge.

Nilikuwa na haraka ya kuswali. Na nilikuwa na kiburi changu cha miaka kumi na tisa. Nilimwandikia: Damu, ipo. Kichocho, hakuna.

Aliisoma karatasi muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. "Kama si kichocho, damu ya nini?"

"Damu ina mambo mengi, bwana. Mpeleke hospitali wamtazame vizuri."

"Mambo gani, kwa mtoto wa kike?"

"Mengi," nikamwambia, nikaingia darasani kuswali. Niliswali na nguo safi.

Asubuhi ya pili tulikuwa tunapanga meza niliposikia mlio nyuma ya skuli. Wanaokulia katika nyumba za kipigo wanaujua mlio ule, hauchanganyiki na wa kutwanga wala wa kupasua kuni, kwa sababu baada yake kuna kimya kidogo, halafu sauti ya mtu inatoka. Sinia la vioo lilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kuvimwaga. Vioo vilikutwa vimezagaa barazani baadaye.

Uani kwa yule msichana, nyumba iliyopakana na skuli, baina ya jiko na banda la kuku, mtoto alikuwa kakaa chini kajikunja, na baba yake yuko juu yake na mpini wa jembe. Kila pigo lilikuja na swali. "Nani?" Pigo. "Nambie ni nani!" Pigo. "Kama si kichocho ni mimba! Imetoka wapi, mmeitupa wapi?" Mama yake alikuwa kakumbatia nguzo ya mlango, kanga kaing'ata, midomo inavuja damu, alikwishapata fungu lake mwanzo. Mtoto hakuwa akilia kwa sauti. Alikuwa akisema, "Sijui, baba. Sijui, baba," na damu ya pua inamwingia kinywani akiisema. Mpini ulipopanda tena aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa. Niliuona mfupa ukikatika. Mkono ulipinda pale ambapo mkono haupindi.

Basi nikampiga. Sinia lilimpata nyuma ya sikio, akaenda magoti. Akageuka, akanishika mguu, akanivuta, tukaanguka wote kwenye majivu ya jikoni. Alinipiga ngumi moja ya ubavuni, mbavu zikanipwita mwezi mzima. Nilimng'ata mkono. Akataka kuinuka, nikampiga kwa ukingo wa sinia usoni, nyusi ikafunguka, na mimi nikaona raha. Naandika kweli tupu: niliona raha, nikainua sinia mara ya tatu, na lau majirani wasingeniwahi pengine leo ningekuwa naandika haya kutoka jela.

Walimshika wanaume wanne. Damu inamtiririka jichoni, anahema, mkono wake mmoja ukipapasa mfuko wa shati. Akatoa karatasi, kaikunja mara nne vizuri kama cheti cha kuzaliwa. Akainyoosha kunielekea.

"Si wewe?" alisema. "Si wewe uliyeandika hakuna?"

Tulimpeleka mtoto hospitali kwa gari yetu. Mama yake alimpakata nyuma, na kila gari ikiruka shimo mtoto alitoa sauti ndogo, halafu akamwambia mama yake samahani. Hospitali walipouliza, mama alisema kaanguka mtoni. Nikamkata kauli mbele ya watu wote, nikasema kapigwa na babake kwa mpini wa jembe na nimeona kwa macho yangu. Waliandika, polisi wakaitwa. Mama aliniangalia na mdomo wake uliovimba. Nikadhani ananiogopa. Nilikuwa na raha yangu bado ya kuwa mwenye haki.

Mchana ule ule nilirudi mjini na sanduku la barafu. Msomaji wa pili alikuwa mwenzangu wa miaka mingi, mtu mpole, hana haraka. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nimejishika ubavu, namhadithia sinia, na yeye anasikiliza huku mikono yake inafanya kazi. Alichukua kikopo cha yule mtoto. Akakikamata kifuniko kwa kidole gumba, akakitikisa. Nilimwona. Mara tano, sita, mkojo ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akaupangusa kwa pamba na kuendelea. Akavuta, akachuja, akaweka kioo.

Hakupita hata safu mbili. Alisogea pembeni akanipisha.

Yalijaa. Sikuhitaji kuyahesabu. Miiba yao imeelekea huku na huku, na mengine mdudu anatikisika ndani yake, mzima.

"Ulikitikisa?" aliniuliza.

Nilizidi kuinamia hadubini. Akaniambia kwa upole wake kwamba ndiyo maana ya msomaji wa pili, kijiti kilisema kweli, tusahihishe daftari, kazi iendelee. Hakuna haja ya kwenda kueleza mengine huko shamba. Mtu yule katili ni katili, angepata sababu nyingine. Alikuwa ananihurumia, nami nikaipiga hadubini ile kofi. Wallahi, kofi, kama mtu. Ikaenda chini kutoka mezani, lenzi moja ikapasuka, na nikakatwa mshahara miezi kadhaa kwa ajili yake. Mwenzangu aliokota vioo vyake, akanipa gari siku ya pili.

Nilipofika kijijini baba alikwishatoka kituoni kwa dhamana, na kesi inamngoja. Sheha, mkuu wa kijiji, alituita barazani kwake: baba, kitambaa kimefungwa juu ya jicho; mama, kakaa mbali naye; na mtoto, mkono umo kwenye plasta kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko, uso umevimba upande mmoja hata jicho halifunguki. Nilikuja na hadubini nyingine na kile kioo cha mayai, kilichosalimika. Niliiweka juu ya meza ya sheha, nikarekebisha mwanga, nikamwambia baba aje atazame.

Alitazama na jicho lililobaki. "Hivi ni vitu gani?"

"Mayai ya kichocho. Ya mwanao. Mkojo ule ule wa siku ile."

"Ulisema hakuna."

"Nilikosea. Yalikuwa chini ya kikopo na mimi nilivuta juu. Inatakiwa kikopo kitikiswe, sikukitikisa."

"Kwa nini?" Aliyeuliza si yeye, ni mama. Tangu hospitali sikuwa nimesikia sauti yake.

Ningeweza kusema nilisahau, na hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimeshaliandaa neno hilo njiani. Lakini mtoto alikuwa ananitazama na jicho lake moja, nikaona nikimdanganya huyu nitakuwa nimemvunja mkono wa pili. Nikasema, "Kifuniko kilikuwa kinavuja. Niliogopa mkojo usinirukie nguoni, nikashindwa kuswali."

Baba alikaa chini kwenye sakafu pale pale. Akashika kichwa. "Basi nimempiga bure," alisema. "Ya Rabi, nimempiga bure mwanangu."

Hapo ile hasira yangu ikaja. "Na yasingekuwepo?" nilimuuliza. "Mayai yasingekuwemo, ungekuwa umempiga kwa haki? Hiyo damu ingekuwa ya jambo jingine lolote, ndo mkono ungekuwa umevunjwa halali?" Nilikuwa nimemsimamia, sauti imepanda, kidole kiko usoni mwake, na sheha ananiambia Bi, Bi, taratibu.

Mama alinyanyuka. Nilidhani anakwenda kwa mumewe. Alikuja kwangu, akanipiga kofi ambalo nililisikia mpaka kwenye meno. Akanipiga la pili upande wa pili. Mkono wake ulikuwa wa mlimaji, mgumu.

"Wewe usimfokee mtu," alisema. "Yeye ataulizwa na hakimu, na mie nshamaliza naye. Wewe nani atakuuliza? Mwanangu kalala chini ya mpini kwa ajili ya nguo yako."

Mikono yangu ilikuwa imekunjwa ngumi. Mimi ambaye niliudaka mkanda wa baba yangu hewani, nilisimama pale na mashavu yanawaka, na sikuwa na kitu cha kudaka. Nikamwambia, "Kweli." Akarudi kukaa kwenye nafasi yake.

Kwenye ripoti ya kazi mtoto yule aliingia vizuri. Walimhamisha kutoka kwenye fungu la waliosingiziwa na kijiti, wakamtia kwenye fungu la waliosemwa kweli. Niliandika barua kuhusu vifuniko na kuhusu mkono wangu, na baada ya hapo wengine nao waliandika; ikabidi vikopo vyote vya safari ile vyenye mkono wangu na mikono yao virudiwe. Vijana wa vijiti walifurahi. Kijiti chao kilikuwa hakidanganyi kama tulivyokisingizia.

Mimi sasa nakwenda kazini na nguo mbili. Ikishindikana, naswali kadha nyumbani, kulipa swala iliyonipita.

Wiki kadhaa baada ya vidonge tulirudi kuwapima tena waliotibiwa. Meza ile ile, baraza ile ile. Alikuja wa mwisho, kama mara ya kwanza, ila safari hii kikopo hakukificha. Alikishika mbele ya wavulana wote kwa mkono wa kulia, wa kushoto ungali umo kwenye plasta. Uso ulikuwa umepona, isipokuwa kovu juu ya mdomo. Nilimwambia karibu, nikanyoosha mkono kukipokea.

Hakunipa. Alibana kifuniko kwa kidole gumba, akakitikisa mwenyewe, mara nyingi, bila ya haraka, mkojo ukimchuruzika kwenye vidole mpaka kwenye mkono wa sare yake, na muda wote ule ananitazama mimi. Kisha akakiweka mezani.

"Nshakitikisa," alisema.